Kilichofutwa Kwenye Diski Mbili

Saa kumi na nusu alasiri, Jumatano moja ya Machi 2008, umeme ulirudi katika mtaa wa Section 58, Nakuru. Tara aliwasha kompyuta. Kila siku baada ya shule alipika chai ya mtu mmoja, akaketi na kufungua video za mama yake. Zilikuwa nne, zote fupi. Mama alifariki mwaka wa 2006. Baba yake, Nilesh, aliuza vifaa vya ujenzi na hakurudi kabla ya giza. Shiru, aliyeketi naye darasani, alihamia Nyeri na familia yake ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka Januari. Nafasi yake kwenye dawati ilikuwa bado tupu.

Februari, diski ya zamani ya kompyuta ilianza kuharibika. Fundi Chelagat alihamisha mafaili, akaleta diski mbili mpya na kuuliza: ziunganishwe zitoe nafasi kubwa, au kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe pia kwenye nyingine?

"Hiyo ya pili," Tara alisema. "Moja ikifa, nyingine ibaki."

Chelagat aliziunganisha hivyo, akazipanga kwa mfumo wa mafaili wa NTFS badala ya FAT32, kwa kuwa huo hustahimili zaidi umeme unapokatika ghafla. "Lakini hii si nakala ya akiba," alionya. "Weka nyingine kwenye DVD."

Wiki iliyofuata baba aliuliza kama DVD ziko tayari. Tara alijibu ndiyo. Hazikuwa tayari.

Jumatano hiyo alipata mgeni wa kwanza tangu Shiru aondoke. Nyongesa wa darasa lao alileta mchezo wa magari kwenye CD.

"Wee, hii imejaa kama gunia la viazi," alisema. "Futa kitu."

"Ni filamu za Papa. Na folda ya familia."

"Si unajigamba una diski mbili? Futa hapa, itabaki kule. Ama unataka niende nyumbani?"

Tara hakutaka aende. Filamu zikikosekana, baba angejua jioni hiyo hiyo. Folda ya familia, yenye picha na video za mama, ilifunguliwa na yeye peke yake. Akaifuta, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Kisha akatafuta diski ya pili. Kompyuta ilionyesha diski moja tu. Kilichofutwa huku kilikuwa kimefutwa na kule.

"Weka game tu," Nyongesa alisema. "Mwambie babako stima ilipotea, ikaharibu."

Ingeaminika. Umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa. Tara alitoa CD, akamrudishia, akazima kompyuta.

"Haya, kaa na kompyuta yako," Nyongesa alisema, akaondoka.

Tara alipiga simu dukani. "Papa, nimefuta video za Mama. DVD sikutengeneza. Nilikudanganya."

Baba aliuliza: "Kompyuta inawaka?"

"Nimeizima."

"Usiiguse."

Chelagat alikuja kesho yake, akaunganisha diski moja na kompyuta yake, akatafuta hadi jioni. Alipata karibu picha zote, na video tatu.

"Na ya nne, Anti?"

"Haifunguki. Faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kompyuta huhesabu tu kwamba nafasi yake iko wazi, kisha huandika kitu kingine juu yake. Hata wakati wa kuzima huandika. Mchezo ungewekwa, hata hizi tatu hatungeziona."

Nilesh alimgeukia binti yake. "Diski mbili hutulinda diski inapokufa. Hazitulindi na makosa yetu. Kwa hayo tunahitaji nakala iliyo nje ya kompyuta, na mtu anayesema kweli akiulizwa kama ipo. Jana ulisema mapema. Ndiyo sababu tuna tatu."

Tara alitengeneza DVD mbili, moja ya kukaa dukani. Ili kuhakiki ile ya nyumbani, aliifungua. Baba alivuta kiti, akaketi kando yake. Mama alionekana jikoni, akikata vitunguu.

"Nilesh, zima hiyo kamera," alisema.

Video ilicheza hadi mwisho.