Namba Moja Kwenye Mvua

Kila asubuhi ya siku ya kazi Pilipili alikuwa na kibarua kimoja: kuondoa turubai kwenye pikipiki ya shangazi yake, kuwasha injini ipate joto, kisha kukaa mbali. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wa miaka arobaini. Bibi alisema mdomo huo kaurithi kwa shangazi huyo huyo, ndiyo maana hawaivi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walilala chumba kimoja!

Pikipiki ile ilikuwa na maisha mawili. Jumapili shangazi aliiendesha kwenye mashindano ya mbio uwanjani. Siku nyingine alibeba damu za wagonjwa kutoka zahanati kwenda maabara. Karibu na mkono wa kushoto palikuwa na kitufe cha kidhibiti mtelezo. Kifaa hicho kikihisi gurudumu la nyuma limeanza kuzunguka ovyo, hupunguza nguvu ya injini. Namba kubwa huwahi kuzuia. Namba ndogo huliachia gurudumu lifanye litakavyo. Uwanjani, penye lami kavu inayoshika, shangazi aliweka mbili. Barabarani, penye mchanga, mafuta na mvua, aliweka sita. Jana, Jumapili jioni, alipotoka uwanjani, aliirudisha sita kwa mkono wake mwenyewe.

Jana hiyo hiyo alimshusha Pilipili kwenye pikipiki mbele ya wenzake.

"Kichwa kisichofunga mkanda wa helmeti hakipandi kwangu. Tembea, bibi maringo!"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Basi asubuhi hii, peke yake uani, Pilipili akabonyeza kitufe. Tano. Nne. Akaendelea mpaka moja. "Ateleze kidogo pale getini kwenye matope," akajisemea. "Na yeye achekwe."

Shangazi akatoka, helmeti mkononi. "Umeikodolea macho ya nini? Sogea, isije ikakuuma."

"Yenyewe inanuka."

"Kuzidi soksi zako?"

Akavaa helmeti, akapanda. Hapo mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua yenyewe. Pilipili akaganda. Kuteleza getini kungechekesha. Lakini mbele ya geti kulikuwa na kona ya kituo cha mafuta, ambako malori huvujisha dizeli, na lori halina utani na mtu.

Akadaka mkanda wa begi la shangazi.

"Achia! Nimechelewa, na leo sina hamu ya kelele zako."

"Shangazi, angalia namba."

Shangazi akafuta maji kwenye kioo kidogo cha namba kwa kidole gumba. Akatazama. Akazima injini.

"Nani kagusa?"

Bibi, aliyekuwa akianua nguo mbio mbio, akadakia, "Labda imejibonyeza. Mashine hizi za siku hizi..."

Maneno ya Bibi yalimfungulia Pilipili mlango wa kutorokea. Pilipili aliutazama, akauacha.

"Haikujibonyeza, Bibi. Ni mimi. Nilitaka aanguke."

Shangazi akavua helmeti. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi.

"Jana nilikuaibisha, ukakasirika. Ungenijia tukagombana, tungemaliza. Hasira ya mdomoni mtu huisikia, akajibu. Wewe umeificha kwenye gurudumu, na gurudumu halijui kugombana. Linajua kuangusha tu."

Pilipili akainamisha kichwa. Shangazi akabonyeza hadi sita.

"Na mimi nina kosa langu. Nimepanda bila kuangalia, eti kwa sababu jana niliweka mwenyewe. Kuanzia kesho utanisomea namba kwa sauti kabla sijaondoka. Helmeti utaiosha wewe, mwezi mzima."

"Umenisamehe?"

"Bado. Kusema kwako kweli kumeniokoa mimi. Wewe bado una deni."

Kesho yake Pilipili akasimama uani, uso umemvimba kama andazi. "Sita!" akabweka.

Shangazi akainama, akaangalia mwenyewe.

"Huniamini?"

"Sikuamini. Na siku utakapopanda ya kwako, usiniamini mimi. Angalia kwa macho yako."

Akaondoka taratibu kwenye matope ya getini, bila kuteleza hata kidogo.