Karavani Iliyolala Ubavu

Karavani ilianza kutikisa mkia kilomita mia moja na tisini baada ya lami kuisha.

Mwanzoni dereva alidhani ni upepo tu. Tangu asubuhi ulikuwa ukiwapiga kutoka ubavuni, upepo mkavu wenye mchanga laini kama unga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Kile chumba cheupe cha magurudumu, chenye vitanda vinne, jiko na tangi la maji, kilikwenda kushoto, kikarudi, kikaenda kulia. Safari ya pili kilikwenda mbali zaidi. Ya tatu, pikapu yenyewe ilisukumwa makalio.

"Shika breki!" mama mkwe wake alipiga kelele.

"Nikishika breki inatupindua, mama."

Huu ulikuwa mwaka wake wa nane wa kukokota karavani kwa pikapu ya petroli, akiwapelekea watu wanaofanya kazi mahali pasipo na nyumba: wapima ardhi, wajenga barabara, na safari hii wachimbaji wa visima. Mume wake alikuwa huko kambini, fundi wa pampu. Mama mkwe, fundi cherehani wa miaka sitini na mitatu, hakuwa amemwona mwanawe kwa miezi saba. Aliomba lifti, kisha akaomba waondoke siku mbili kabla ya ratiba, na dereva akakubali kwa sababu kumkatalia mama mkwe ni kazi ngumu kuliko kukokota karavani mlimani.

Karibu aitulize. Kasi ilishuka, mtikisiko ukapungua. Ndipo gurudumu la kulia la karavani likatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua za zamani. Karavani ililala ubavu, ikaikamata pikapu kwa nyuma, ikaizungusha mpaka pua ikatazama walikotoka. Kishindo kilikuwa kimoja tu. Baada yake, harufu ya petroli.

Dereva alizima ufunguo kabla hata hajajua kama yuko mzima.

"Shuka, mama. Shuka uende upande upepo unakotoka. Usiguse kitu cha chuma."

Mkono wa karavani, ule unaokalia tufe la chuma nyuma ya pikapu, ulikuwa umejipinda na kulidunga tangi la mafuta. Petroli ilitoka kwa mchirizi mnene kama kidole. Alichomoa waya wa betri, akafunga mtungi wa gesi wa karavani, akalala chini ya gari akiwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Ukiikanda vizuri, inaziba. Aliikanda, akaisukuma tunduni kwa dole gumba, akakanda nyingine juu yake. Mchirizi ukawa matone, matone yakawa unyevu. Mikono yake iliwaka moto kwa petroli na macho yakamtoka machozi.

Alipotoka chini ya gari hakumwona mama mkwe. Alimkuta nyuma ya karavani amepiga magoti, na sufuria mkononi. Tangi la maji lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yakikimbia chini ya mlango kwenda mchangani. Mama alikuwa akiyakinga na kuyamimina kwenye beseni. Mchanga ulikuwa umekunywa mengi. Waliyapitisha kwenye kitambaa mpaka kwenye dumu tupu la maji, wakayapima kwa macho: lita saba, labda nane.

"Haya ndiyo yote?" mama aliuliza.

"Haya, na ile chupa iliyoko mbele."

Simu hazikuwa na mtandao, na dereva alijua hazingekuwa nao. Kambini wangeanza kuwatafuta siku ya nne, kwa kuwa hawakutegemewa kabla ya hapo. Kurudi lami, kilomita mia na tisini. Kwenda kambini, mia moja na kumi na nane. Kwenye tangi la petroli alikadiria lita tisa. Dumu moja la akiba lilipasuka, la pili lilisalimika: lita ishirini. Bila mzigo, kwenye mchanga, zingewafikisha kambini, au karibu na kambini.

"Tunaiacha karavani," alisema.

Lakini karavani haikutaka kuachwa. Uzito wake wote ulikuwa umeegemea kiungio, na kiungio kilikuwa kimejibana kama mdomo wa mamba. Aliingia ndani kupitia dirishani kutafuta ubao wa kuweka chini ya jeki. Kwenye kabati la mwisho, nyuma kabisa, mlango uling'oka na vitu vikamwagika: marobota manne ya kitambaa kizito, pasi mbili za chuma, na cherehani. Si cherehani ya mezani. Ilikuwa ile kubwa ya kushonea turubai, na miguu yake ya chuma cha kusubu. Alipojaribu kuisogeza haikusogea.

Alikaa pale juu ya ukuta uliogeuka sakafu, akapumua. Kila anayekokota anajua: uzito ukikaa nyuma, mkia ndio unaoendesha gari. Jana yake jioni alipanga mzigo mwenyewe, kilo kwa kilo, mbele ya ekseli.

Alitoka na mlango wa kabati begani.

"Mama, nani aliweka cherehani mle?"

Mama mkwe aliangalia mchanga. "Vijana wa jirani walinisaidia asubuhi, ulipokuwa unajaza petroli. Nilitaka niwashonee mahema. Nilijua ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Maneno mengi yalimjia dereva, mengine ya kuvunja undugu. Aliyameza. "Shika hii sufuria. Tunachimba."

Walichimba mpaka jua likageuka. Mama alichimba kwa sufuria, dereva kwa kibao cha kukatia mboga, wakauondoa mchanga chini ya mkono wa karavani ili jeki ipate nafasi. Jeki ilizama mara mbili. Mara ya tatu ilikalia mlango wa kabati, ikasimama, na mkono ukaanza kuinuka, unywele kwa unywele. Dereva aliingiza mkono wa kushoto kulivuta komeo la kiungio. Lilifunguka ghafla. Mkono wa karavani uliruka kama mtego, na wa kwake ulikuwa katikati.

Alikitazama kiganja chake kikining'inia kwa pembe isiyokuwa ya kiganja, kisha akakaa chini.

"Usiangalie," mama mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, sauti ya mtu aliye kazini. Alipasua kitambaa cha robota, akavunja droo ya karavani akapata vibao viwili, akaunyoosha mkono ule kwa mkupuo mmoja huku dereva aking'ata mkanda wa kiti. Akaufunga, akaishona bandeji kwa sindano ndefu ili isilegee, akautundika shingoni.

"Sasa utaendeshaje?"

Dereva alifikiri. Usukani aliweza kwa mkono wa kulia. Miguu alikuwa nayo. Ila gia ilikuwa kushoto.

"Wewe ndiye mkono wangu wa kushoto, mama. Nikikwambia mbili, unavuta chini. Tatu, unasukuma mbele katikati. Usiwahi, usichelewe. Nikisema 'sasa' tu."

"Mimi hata baiskeli sijui."

"Cherehani unaijua. Mguu na mkono, si ndivyo?"

Walilala ndani ya pikapu, wakiwa wamekunywa nusu kikombe kila mtu, na kulipokucha waliondoka kabla ya joto. Mara tatu za kwanza gia zililia kama mbuzi anayevutwa sikio. Mara ya nne iliingia. "Kama kukunja pindo," mama alijisemea. Upepo ulikuwa umefuta njia. Walifuata mawe yaliyopakwa chokaa, moja kila kilomita, na pale jiwe lilipofukiwa, dereva alisimama, akapanda juu ya boneti, akatafuta linalofuata kabla ya kusogea. Kupotea kwa dakika kumi kungekula petroli ya kufika.

Kilomita ya arobaini tangu waiache karavani, mchanga ukawa laini. Alimwonyesha mama jinsi ya kutoa upepo kwenye matairi kwa kijiti, mpaka yakatanuka kama nyayo za ngamia. Walipita, lakini kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma, na upepo sasa ukitoka nyuma kwa kasi ileile yao, hivyo rejeta haikupata hewa hata kidogo. Mshale wa joto ulipanda. Aligeuza pua ya gari itazame upepo, akaacha ipoe, wakaendelea. Ulipanda tena. Safari ya tatu mvuke ulitoka chini ya boneti.

Walisubiri saa nzima kivulini mwa gari. Kisha dereva alifungua kifuniko kwa tambara, akachungulia.

"Inahitaji lita nne."

Mama alikuwa amekumbatia dumu la maji. Yalibaki lita tano na kidogo. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mishipa ya mguu ilikuwa imeanza kumkaza.

"Gari linywe kabla yetu?"

"Likinywa, linatubeba. Tukinywa sisi, tutakaa hapahapa tumeshiba maji kwa siku moja."

"Na likiyamwaga mbele?"

"Basi nitakuwa nimekosea."

Miaka tisa mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye mafuta ya gari chini ya kucha, na dereva alikuwa akilijua hilo. Sasa mama aliinuka, akashika dumu kwa mikono miwili, akamimina mwenyewe, taratibu, bila kudondosha tone, mpaka dereva aliposema basi.

Kilomita ya themanini harufu ilirudi. Mtikisiko ulikuwa umeila sabuni. Dereva hakuweza kulala chini ya gari na mkono ule. Alijaribu, maumivu yakamtia giza. Mama mkwe alivua mtandio, akajikunja, akaingia chini kwa mgongo na kipande cha mwisho cha sabuni. Aliuliza tundu liko wapi, akaambiwa, akaliona. Alikanda, akasukuma, akaweka kitambaa juu, akakifunga kwa uzi wa turubai kulizunguka tangi lote. Alipotoka nywele zilikuwa zimelowa petroli na jicho moja limefumba.

"Imeacha," alisema. "Twende."

Gari lilizima lenyewe, bila kukohoa, baada ya jiwe la mia moja na kumi na mbili. Dereva alijaribu ufunguo mara moja, hakuurudia. Mbele, juu ya ukungu wa joto, kulikuwa na kitu chembamba kama sindano iliyochomekwa ardhini: mnara wa kuchimbia.

Kilomita sita. Maji yalijaa kikombe kimoja. Waligawana nusu wakiwa wamesimama, nusu wakabeba. Waliongozana, kila mmoja akimshika mwenzake upande uliokuwa mzima. Kila hatua mia mbili walipumzika, na mama ndiye aliyehesabu. Wakati fulani mama alikaa chini akamwambia dereva atangulie, yeye atamfuata. Dereva alikaa naye.

"Simama, mama. Mimi nina mkono mmoja, siwezi kukubeba."

"Huna adabu."

"Sina. Simama."

Alisimama.

Mchimbaji aliyekuwa juu ya mnara ndiye aliyewaona, akapiga king'ora. Lori lilikuja na vumbi lake, na mume alikuwa ameshuka kabla halijasimama. Alimkimbilia mama yake, akageuka akamwona mkewe, akakosa pa kuanzia. Mama yake alimsukuma kwa kiwiko. "Maji kwanza. Kulia baadaye."

Jioni, dereva akiwa kitandani mwa hema, mkono umefungwa plasta na mhudumu wa kambi, msimamizi alikuja na fomu ya ajali. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa fomu. Alisema karavani ni ya kampuni, lazima aandike sababu, na kwamba mara nyingi sababu ni mwendo kasi wa dereva. Akauliza mwendo ulikuwa ngapi.

"Hamsini," dereva alisema.

"Una uhakika? Maana kwa hamsini karavani haipinduki." Kalamu ilikuwa imekwisha gusa karatasi.

Mume alifungua mdomo. Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni miguu imetumbukizwa kwenye beseni, alimtangulia.

"Andika kwamba kuna bibi mmoja alificha mzigo wa chuma nyuma ya karavani, bila kumwambia dereva."

Wachimbaji wawili waliosimama mlangoni waliangalia viatu vyao. Msimamizi alikuna kidevu.

"Bibi, hii fomu inakwenda makao makuu."

"Iende. Weka na kilomita alizotuvusha kwa mkono mmoja, kama kuna nafasi. Kama haipo, geuza ukurasa."

Msimamizi aliandika. Alipofika chini aliinua kichwa. "Na huyu nimwandike nani wako? Mke wa mwanao?"

Mama mkwe alimtazama yule mwanamke kitandani, uso umechubuka, kucha bado zina weusi wa grisi.

"Andika dereva," alisema. "Hayo mengine ni ya nyumbani."