Msiifunge Zipu Hadi Chini

Waliopanga jengo letu enzi zile wanamkumbuka Fundi Meno wa ghorofa ya pili, na wanakumbuka alivyokuwa akimtazama mtu. Hakukutazama machoni. Alikutazama mdomoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye vumbi la plasta na harufu ya nta iliyoungua, na kwa vile alishinda kutwa akigeuzageuza mataya ya watu, alijiona anajua thamani ya kila mtu. Mwenye mwanya alikuwa mzembe. Mwenye meno ya njano alikuwa mchafu. Mwenye meno mazuri alibahatika tu, asijidai.

Jambo ninalosimulia lilimkuta mchana kweupe, siku ya Jumamosi, sebuleni kwake, mkewe akiwa jikoni anachemsha chai.

Kiangazi kilikuwa ukingoni. Yeye na rafiki yake, dereva wa gari la wagonjwa tuliyemwita King'ora kwa jinsi alivyoropoka, walikuwa wanapanga safari. Wabebe mashanta, wapande kwa miguu hadi kwenye ziwa lililo juu ya msitu, walale huko siku kadhaa wakivua samaki kabla mvua hazijaharibu njia. Kila mwaka walisema watakwenda na kila mwaka wakaishia kusema. Mwaka huu ndoano zilikuwa zimeshanunuliwa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kikwazo hicho kilikuwa kimekaa kwenye kochi, kimevaa kofia mpya ya rangi ya machungwa, kinatafuna karanga mdomo wazi.

Kilikuwa shemeji yake. Kaka wa mkewe, mfua mashuka wa hospitali, mtu mpole kupita kiasi, mwenye mwanya mpana na kicheko kilichoanza kabla hujamaliza utani. Ukimtukana, alicheka. Ukimwambia amekaa vibaya, alihama kiti na kushukuru. Fundi Meno hakuwahi kumchukia. Kumchukia mtu ni kazi, na shemeji hakustahili kufanyiwa kazi. Alimwona kama unavyoona kiatu kilichobaki kimoja: hukitupi, ila hujui kipo cha nini.

"Kaka yangu naye anakwenda," mkewe alikuwa amemwambia. "Hajawahi kwenda popote. Asipokwenda yeye, na wewe umebaki."

Basi Fundi Meno na King'ora wakapatana pembeni. Wangeondoka Alhamisi. Shemeji alikuwa ameambiwa safari ni Jumamosi ijayo. Atakuja na kofia yake, atakuta mlango umefungwa, na bila shaka atacheka.

"Mimi nitabeba sufuria," shemeji alisema siku ile, akifuta chumvi ya karanga kwenye suruali. "Na nimejifunza kufunga ndoano. Nimekuwa nikijaribu kazini, wakati wa chakula."

"Unavua mashuka?" King'ora akauliza.

Shemeji akacheka kuliko wote.

Kilichobaki kilikuwa hema. La King'ora lilikuwa limetafunwa na panya, na hakuna aliyetaka kununua jipya. Ndipo Fundi Meno akamkumbuka mjane wa ghorofa ya juu. Mumewe, mhasibu mmoja mkimya, alikuwa akienda kuvua, hadi mwaka alioenda na wenzake wa ofisini na wenzake wakarudi peke yao. Walisema alizama. Maiti haikuonekana, na hema aliloliacha lilirudishwa kwa mkewe likiwa limekunjwa vizuri.

Mjane alilitoa bila maneno mengi. Alisimama mlangoni na kitenge chake kiunoni, akalisukuma kwa mguu kama mtu asiyetaka kuligusa.

"Chukueni. Lakini mkiwa ndani, msiifunge zipu hadi chini. Acheni nafasi ya mkono kupita."

"Kwa nini, mama?"

"Acheni nafasi tu."

Fundi Meno aliitikia kwa heshima zote, akateremka ngazi akiguna. Meno ya yule mama alimtengenezea yeye mwenyewe, juu na chini, na aliona ajabu kwamba meno mazuri kiasi kile yanatumika kusema upuuzi.

Wakasogeza makochi, wakakunja zulia, wakalisimamisha hema katikati ya sebule ili wakague kama limetoboka. Lilikuwa hema la kijani, la watu wawili kwa kubanana, lenye mlango mmoja. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani likilimulika ubavuni. Mtu angeingia, afungiwe, atazame juu. Penye tundu pangeonyesha nukta ya mwanga.

Hakuna aliyeuliza nani aingie.

Shemeji alivua kofia, akaiweka juu ya meza kwa uangalifu, akaingia kwa magoti akiwa na viatu vyake vya kazini. Fundi Meno alishika zipu. Alikumbuka maneno ya mjane, na ni kwa sababu aliyakumbuka ndipo aliivuta hadi chini, mpaka ikagota. Kisha akakibana kishikizo chake kwa vidole viwili, akamkonyeza King'ora.

"Jamani, humu mna giza," sauti ya shemeji ikatoka.

King'ora akaziba mdomo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Hamna hata tundu moja. Hema zuri. Mna baridi lakini."

"Vumilia, ziwani ndiyo hivyohivyo!"

Wakacheka. Kitambaa kikatikisika, kama mtu anageuka mahali pembamba. Kisha kikatulia.

"Nani yuko humu?"

Hapo ndipo King'ora alicheka mpaka akakaa chini. Fundi Meno naye alicheka, machozi yakamtoka, na vidole vyake havikuachia.

"Shemeji." Sasa ilikuwa sauti ya chini, karibu kabisa na zipu. "Shemeji, fungua. Polepole. Usipige kelele."

Hakufungua. Alitaka amsikie akilia, mara moja tu, ajue kama mtu yule ana kitu kingine ndani yake zaidi ya kicheko.

Hakulia. Hakusema tena. Badala yake wakasikia maji. Maji madogo yanayopigapiga mawe, yakirudi, yakija, yakirudi. Yalisikika kwa mbali, na mbali kule kulikuwa ndani ya hema.

King'ora aliacha kucheka. "Fungua," akanong'ona.

Fundi Meno akafungua.

Hamkuwa na mtu.

Aliingiza kichwa. Sakafu ya hema ilikuwa imelowa. Akalizunguka, akaliinua upande mmoja. Likainuka jepesi kama kapu tupu. Chini yake palikuwa na saruji kavu ya sebule. Dirisha lilikuwa na nondo. Mlangoni alikuwa amekaa King'ora mwenyewe.

Toka jikoni mkewe akaita, "Kaka leo anakunywa na sukari?"

King'ora aliinuka. Mtu huyu alikuwa akijisifu jinsi anavyookota waliokatika miguu barabarani huku anapiga mluzi. Sasa uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Mimi sikuwepo hapa," akasema, na viatu vyake vikasikika vikiteremka ngazi mbilimbili. Fundi Meno alipata hata nafasi ya kumdharau. Alikuwa hajapata bado nafasi ya kuogopa.

Alipanda kwa mjane akiruka ngazi. Mjane alifungua kabla hajabisha.

"Mliifunga hadi chini."

"Aliifunga mwenyewe."

Mjane alimtazama. Kwa mara ya kwanza Fundi Meno aliona jinsi inavyokuwa mtu akikutazama mdomoni.

"Mume wangu alifungiwa humo na wenzake," akasema kwa sauti ndogo. "Walisema ulikuwa utani. Mmoja wao alinijia baadaye, akaniambia alifungua zipu akamwona humo ndani, kando ya ziwa. Alimwona, akaogopa kuingia. Mimi nimeingia mara nyingi. Silioni ziwa. Naona kitambaa tu. Aliyemfungia mtu ndiye anayeliona."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Alirudi chini. Mkewe alikuwa amesimama sebuleni na kikombe mkononi, akiitazama ile kofia juu ya meza. Alitazama hema. Akamtazama mumewe. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Yuko wapi?"

Fundi Meno akapiga magoti. Akasema moyoni kwamba ni upuuzi. Akaifunga zipu hadi chini. Akahesabu pumzi zake. Akaifungua tena.

Baridi ikampiga usoni.

Mbele yake kulikuwa na ziwa. Siku ilikuwa ya kijivu isiyo na jua, na mwanga haukuwa na upande unaotokea. Maji yalikuja hadi karibu na viganja vyake. Juu ya mawe walikaa watu wawili, wamempa mgongo, kila mmoja na ufito wa kuvulia. Mmoja alivaa shati jeupe la ofisini lililooza mabegani. Wa pili alikuwa na mabega anayoyajua.

"Shemeji," akanong'ona.

Shemeji hakugeuka. "Umekuja," akasema. Sauti ilikuwa yake, ila kicheko kilikuwa kimeondolewa ndani yake, kama jino linavyong'olewa. "Usiongee kwa sauti. Hatuvui sisi. Tunashikilia tu. Kilichoko upande wa pili ndicho kinachovua."

Nyuzi zote mbili zilikuwa zimekazwa. Zilielekea majini moja kwa moja, na hazikutikisika.

"Achia, twende."

"Siwezi kuachia. Nikiachia kinajua."

Fundi Meno alitaka kurudi. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye. Alitaka kurudi nyuma, aifunge zipu, aseme hakuona kitu. Lakini nyuma yake alisikia mkewe akipumua. Akaingiza kifua. Akanyoosha mkono wa kulia mpaka akaipata kola ya shemeji. Akavuta.

Maji yakainuka. Si wimbi. Yaliinuka mahali pamoja, taratibu, kama shuka mtu akikaa chini yake.

Akavuta tena. Kitu kikamshika kifundo cha mkono, kikambana sawasawa, na akashukuru kwamba shemeji amemshika. Mwenye shati jeupe akaanza kugeuza kichwa. Fundi Meno akafumba macho, akavuta kwa mwili mzima, mkewe naye akamvuta miguu, wakaangukia sebuleni kwa kishindo. Kikombe kikavunjika. Mkewe akairukia zipu, akavutavuta nguzo mpaka hema lote likalala chini.

Shemeji alikuwa amelala chali kwenye saruji. Ndevu zake zilifika kifuani. Viatu vya kazini vilikuwa vimepasuka, na kucha zilikuwa zimejikunja. Chai ya jikoni ilikuwa bado ya moto.

Dada yake alimkumbatia, akalia. Yeye alimpigapiga mgongoni kama mtu mzima anayembembeleza mtoto. Kisha akamtazama Fundi Meno.

"Nilikuwa nawasikia," akasema. "Muda wote ule. Usiku haukuwepo, kwa hiyo sijui ni muda gani. Ila nilikuwa nawasikia mnacheka."

"Shemeji, nisamehe. Lakini si nimekuja? Si ulinishika mkono nikakuvuta?"

Shemeji alimkagua kutoka juu hadi chini, polepole, kama mtu anayeangalia kitu alichokitema.

"Sikukushika. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye ufito."

Jioni hiyohiyo Fundi Meno alilipandisha hema kwa mjane, limefungwa kamba. Mjane hakulipokea. Alisimama mlangoni.

"Ulimwona?"

"Sikuona mtu, mama. Palikuwa na ukungu."

"Sawa." Akaanza kufunga mlango. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado ana miwani yake?"

"Hana," ikamponyoka.

Walitazamana. Mjane hakulia wala hakumlaani. Alimtemea mate miguuni, akafunga.

Safari ilikufa. King'ora alihamia zamu za mbali na alipokutana naye barabarani alivuka upande wa pili. Hema lilichomwa nyuma ya jengo. Liliungua kama kitambaa kingine chochote. Shemeji alinyoa, akarudi kwenye mashuka yake. Alikuja kumwona dada yake siku ambazo mumewe hayupo, na akimkuta, alimpita kama unavyopita kiti. Hakucheka tena utani wa mtu. Mkewe alimpikia Fundi Meno, akamfulia, na hakumwita tena kwa jina lolote.

Mimi haya nilianza kuyaamini siku moja bombani, maji yalipokatika juu na wapangaji wote tukapanga foleni uani. Fundi Meno alikuwa mbele yangu. Joto lilikuwa kali, lakini alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo. Ndoo ilipomwagika akapandisha mkono wa kulia wa shati bila kufikiri.

Kulikuwa na alama za vidole. Nyembamba, ndefu kuliko za mtu, zimezunguka mkono, nyeupe kama ngozi iliyokaa majini mno. Hazikuwa kwenye kifundo. Zilikuwa chini kidogo ya kiwiko.

Aliona ninatazama. Hakushusha shati.

"Zinapanda," akaninong'oneza.

Aliporudi foleni siku nyingine, alikuwa ameanza kufunga vifungo hadi shingoni.