Joho Alilojivika Sitati

Jumamosi hiyo soko la mitumba la Nakuru lilikuwa limefurika hadi barabarani, na katikati ya zogo kijana mmoja mrefu alisimama mbele ya kioo cha wenyewe, amejitanda pazia jekundu la mahameli mabegani, kidevu juu, hana habari na mtu.

"Boss, hiyo ni ya dirisha," alisema mwenye kibanda, Emmy Chepkosgei, msichana wa Kuresoi mwenye mwanya na sketi ya kijani iliyomkaa haswa. "Wewe ni dirisha?"

"Mimi ni mfalme. Nishikie kioo vizuri."

Kuna watu hawana haya jamani! Emmy alicheka mpaka akakalia bidhaa zake. Kijana akajitambulisha: Sitati, mchoraji wa mtaa wa Rhonda. Kinyozi, hoteli, kanisa, ukiona maandishi yamenyooka mtaani, huo ni mkono wake. Akamwonyesha ukurasa uliochakaa wa kitabu cha zamani. Mchoraji wa Ulaya, miaka karibu mia nne iliyopita, alikuwa amejichora na kofia ya manyoya na mkufu wa dhahabu.

"Hivi vitu hakuwa navyo," alisema Sitati. "Alijitungia tu. Sasa babu yangu alichochea makaa ya treni maisha yake yote, na hakuna aliyemchora. Mimi nitajichora, nivae nitakavyo, na watu wataniangalia."

Emmy hakujua kama ampige kofi au ampende. Alimuuzia pazia, akampa na namba ya simu.

Basi zikaanza hizo simu za kila saa.

"Umekula, mfalme wangu?"

"Nimekula, sweetie, lakini bado nina njaa ya sauti yako."

"Uongo! Endelea."

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Emmy alimwonyesha picha ya marehemu babu yake akiwa amevaa joho la wazee, la ngozi ya tumbili. Sitati aliomba atumiwe hiyo picha ili aitazame. Kutazama tu, alisema. Kumbe moyoni alikuwa na mpango: alilifuta pazia lote kwenye mchoro aliokuwa amejichora, akajivika joho lile, unyoya kwa unyoya. Alitaka Emmy aone ameheshimiwa.

Siku ya maonyesho, kwenye ukumbi mmoja mjini, Emmy alimleta baba yake, mzee Kosgei. Mzee huyu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu ndoa waliyoanza kuipanga, na mpaka hapo alikuwa amesema tu, "Nitamwona kwanza." Sitati alisimama kando ya mchoro na shati jeupe lililopigwa pasi.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Nani alimvalisha?" akauliza, na bila kungoja jibu akachukua kofia yake akaondoka.

Jioni simu ililia.

"Sitati, umeniaibisha! Joho lile mtu hajivalii. Wazee wakiona unafaa, wao ndio wanakuvalisha. Babu alingoja mpaka nywele zikawa nyeupe!"

"Emmy, nilikuwa nawapa heshima."

"Ungeuliza! Mdomo unao, wa kunichekesha unao, wa kuuliza ukakosa?"

"Mimi siombi ruhusa kujichora!"

"Basi kaa na mchoro wako." Akakata.

Aki ya Mungu, Sitati aliumia. Na kesho yake mwenye hoteli moja kubwa akaja kuutaka mchoro, akasema hilo joho ndilo litawavutia wageni. Huo ndio mlango aliokuwa akiubisha miaka yote. Sitati alimtazama babu wa Emmy kwenye simu, yule mzee aliyengoja, na kwa mara ya kwanza akaona haya.

"Hauuzwi," akasema. Alipofunga mlango alichukua kisu, akaanza kukwangua.

Alhamisi aliteremka kwenye lori la viazi huko Kuresoi, mchoro umefungwa kwa gunia, baridi inamtafuna. Mzee Kosgei alikuwa shambani na Emmy, wanavuna.

"Mzee, nimekuja kusema nimekosa," alisema Sitati. "Nilichukua kisicho changu bila kuuliza." Akafungua gunia.

Uso ulikuwepo, kidevu juu vilevile. Chini ya shingo rangi yote ilikwanguliwa hadi kitambaa kitupu.

"Kichwa hukuinamisha," alisema mzee.

"Kichwa ni changu, mzee. Kwa hicho siwezi kukuomba msamaha."

Mzee akamkodolea macho yule kijana, kisha akaangua kicheko kilichowageuza majirani wa shamba la pili. "Huyu ana kiburi! Ningekuwa na mkwe anayeinama inama, ningemtuma akachunge kondoo."

Emmy aliweka jembe chini, akaja karibu, macho yamelowa naye hataki kuonekana. "Na hapo mabegani utachora nini sasa, wewe mtu?"

"Sichori kitu. Hapo ni pa wenyewe kunivalisha wakiona ninafaa. Hata ikichukua miaka arubaini, mpenzi, nangoja hapa hapa karibu yako."

"Mtu hangojei kwa mashamba ya watu bila wazee wake," mzee akasema.

Sitati alitoa simu papo hapo, matope miguuni, akampigia mamake huko Rhonda. "Mama, tafuta wazee wawili wanaojua kuongea," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa shamba. "Tunakuja Kuresoi kuomba bibi."