Kinanda Kilinyamaza kwa Simeoni

“Hezron, mwambie mshenga wako ageuze gari.”

“Wameshafika Iyula, Ikupa. Mshenga mwenyewe, Mzee Lusubilo, kanipigia, wako sebuleni kwenu.”

“Basi nikiitwa nitasema siwafahamu.”

Ikupa alikuwa nyuma ya jiko la mama yake, simu sikioni, mkono mwingine ukigeuza kahawa kwenye kichanja. Kwao binti huulizwa mbele ya wazee kama anawafahamu wageni. Akisema hapana, posa imekufa hapohapo.

Na kumpenda Hezron alikuwa anampenda, hilo tusifichane. Kilichomchoma ni rekodi. Kwaya yao ya Anglikana pale Chapwa ilikuwa imerekodi nyimbo mbili za Sala ya Jioni. Wimbo wa Mariamu ulitoka mtamu, sauti zote nne zikipatana, kinanda cha Hezron kikizibeba. Wimbo wa Simeoni aliuanza Ikupa peke yake, na mstari wa pili tu kinanda kikanyamaza. Akaimba hivyohivyo mpaka kwaya nzima ilipoingia na ile Atukuzwe Baba ya kufungia wimbo. Juzi rekodi ilipowekwa kwenye grupu, Mercy wa sauti ya pili akaandika: “Pole dada, kinanda kimekukimbia!” Watu wakacheka wee. Iliuma sana.

“Kwa nini uliniacha mwenyewe, Hezron?”

“Sikukuacha. Umeisikiliza vizuri?”

“Mara moja, sokoni, kwa sauti ya simu. Ilinitosha.”

“Weka spika za masikioni usikilize tena. Nakuomba. Ukimaliza, kawaambie wazee unachotaka.”

Akakata simu kwa hasira. Akasikiliza kwa hasira vilevile.

Chini ya sauti yake, mbali kidogo, mwanamume alikuwa akivumisha besi, midomo imefungwa, noti moja ndefu. Kisha kinanda kikarudi kwenye Atukuzwe na kuikuta sauti ya Ikupa palepale, haijashuka hata chembe. Akapiga simu.

“Anayevuma ni wewe?”

“Ni mimi. Kinanda kilikuwa kinakufunika, na wimbo ule ni wa mzee anayeaga, unataka utulivu. Ila mtu akiimba bila kinanda sauti hushuka, kikirudi anaumbuka. Ndiyo maana nikakushikia noti.”

“Mbona hukuniambia?”

“Niliona ungeogopa.”

“Ningeogopa, halafu ningeimba! Wewe umeamua peke yako, mimi nimechekwa peke yangu.”



“Hapo nimekosa, Ikupa. Nisamehe. Sitaamua tena bila wewe.”

Shangazi Gwantwa akachungulia nyuma ya jiko.

“We mtoto, unaitwa. Jifunge kitenge vizuri.”

Sebuleni wazee waligeuka kumtazama. Mzee Lusubilo aliacha hata kutafuna karanga.

“Ikupa,” baba yake akasema, “hawa wageni unawafahamu?”

Akapiga magoti, macho chini.

“Nawafahamu, baba. Nimewasikia vizuri leo.”

Baba hakuelewa hilo la kusikia, lakini kigelegele cha shangazi hakikumpa nafasi ya kuuliza. Mzee Lusubilo akarudia karanga zake.

Jioni ile, Ikupa aliandika kwenye grupu la kwaya, wote wasome:

“Jumapili Simeoni tunaimba bila kinanda. Hezron, safari hii vumisha kwa nguvu, Mercy asikie.”