Uani kwa Mama Joyness

Siku ya gulio, barabara ya Nyakahura haina mwenyewe. Ng'ombe wa mnadani wanapita katikati, wauza nyanya wamepanga mafungu mpaka ukingoni mwa lami, na malori yanayotoka mpakani Rusumo yanapiga honi mpaka yanachoka. Mchana wa siku kama hiyo Joyness alikuwa amesimama mlangoni mwa mgahawa wake, amefunga kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mwiko wa ugali mkononi, akaona nyumba inakuja barabarani.

Ilikuwa nyeupe, ina madirisha yenye mapazia, ina mlango ubavuni, na sola juu ya paa. Ikasimama mbele ya mgahawa kwa sababu fahali mmoja alikuwa amejilaza katikati ya lami na mwenye fahali hakuonekana. Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, viatu vyeusi vinang'aa. Hatua yake ya kwanza akakanyaga kinyesi cha ng'ombe.

Joyness alicheka mpaka akashika nguzo.

"Karibu Nyakahura, kaka. Ng'ombe wetu wanakusalimu."

"Salamu nimezipokea," kijana alisema, akitazama kiatu kwa huzuni. "Zimefika mpaka kwenye soksi."

"Na kiatu chenyewe kilivyong'arishwa! Wewe lazima ni Mhaya."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anavaa hivyo kuja gulioni?"

Naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, hakina majivuno. Alisema anaitwa Aristides, ni dereva wa kampuni moja ya Mwanza inayowatembeza wageni. Ndani ya gari walikuwemo mzee wa Kijerumani na mkewe, wametokea Rwanda, wanaelekea Serengeti.

"Dada yangu, nisaidie. Tangu asubuhi natafuta pa kulaza gari hili. Kituo cha mafuta wamesema naziba njia. Shuleni wamenifukuza. Na msitu ule wa mbele siupendi jua likishazama."

"Gesti ziko nyingi."

"Hawataki gesti. Kitanda wanacho, jiko wanalo. Wanataka uwanja wenye utulivu, maji ya bomba na choo. Basi."

"Watu wenye nyumba nzima wanaomba uwanja?"

"Ndivyo walivyo. Na barabara hii mimi sijaona mahali palipoandaliwa kwa ajili yao. Kila safari napita roho juu."

Joyness akaweka mwiko chini. Nyuma ya mgahawa kulikuwa na ua wa mama yake, Mama Anjelika, mjane aliyeimba kwaya tangu usichana wake. Ua ulikuwa mpana, umezungushiwa minyaa, una bomba, migomba na choo cha shimo kilichojengwa kwa tofali za kuchoma. Mama Anjelika alipoliona gari linaingia lango lake alifuta mikono kwenye khanga, akasema tu, "Mgeni ameletwa na Bwana. Mpeni maji kwanza, maswali baadaye."

Asubuhi Aristides alimwendea akiwa amebeba kisanduku kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmelalaje?"

"Salama kabisa. Mama, nina aibu kusema. Choo cha ndani ya gari kina kisanduku chake. Kikijaa hakina budi kumwagwa shimoni. Naomba ruhusa nimwage chooni kwako."

Mama Anjelika akatazama kisanduku, akawatazama wale wazee wa Kijerumani wanakunywa chai chini ya migomba.

"Kumbe nao?"

"Nao, mama."

"Mimi nilidhani nyumba zao zina mahali uchafu unapopotelea."

"Unapotelea mikononi mwangu."

Mama alicheka, akamwonyesha njia. "Kamwage, mwanangu. Choo ni choo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Aristides alirudi na wageni wengine, kisha wengine, akawaambia na madereva wenzake. Ua ukawa na sifa. Joyness alichonga ubao, akaandika kwa rangi ya bluu: MAGARI YANALALA HAPA. MAJI. CHOO. CHAI. Kila gari lililoondoka salama, mama yake alisimama langoni na kumshukuru Mungu kwa sauti, hata wageni wasiojua Kiswahili waliinamisha vichwa.

Na simu nazo zikaanza.

"Haloo, mkuu wa kituo cha Nyakahura?"

"Mkuu yuko jikoni, anakaanga vitumbua. Acha ujumbe."

"Mwambie kuna dereva yuko Kahama, hajala tangu asubuhi kwa sababu chakula cha huku hakina mkono wake."

"Nitamwambia kuna Mhaya anajua kusema."

"Joy."

"Abee."

"Najua na kunyamaza. Sikia." Akanyamaza, na Joyness akawa amesimama na simu sikioni, anasikiliza pumzi tu, vitumbua vinaungua.

Jumapili moja Aristides hakuwa na wageni. Alimwomba Mama Anjelika ruhusa, akamchukua Joyness kwenda ibadani Biharamulo mjini. Joyness alivaa gauni la zambarau la mikono mifupi na nywele amezisuka mistari myembamba. Baada ya ibada walitembea mpaka kwenye boma la zamani la Wajerumani, wakakaa ukutani, wakala mahindi ya kuchoma.

"Nataka kuja kwenu kwa heshima," Aristides alisema, hatazami mahindi wala mji. "Nilete mshenga, nifuate taratibu zote. Unasemaje?"

"Kwani wewe huwa unakuja bila heshima?"

"Nakuja kama dereva. Nataka kuja kama mtu wa nyumbani."

Joyness akaliweka hindi magotini. Furaha yake ilikuwa kubwa, akaogopa kuigusa. "Nipe muda niombe," alisema. Lakini njia nzima ya kurudi mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Aristides.

Baada ya Jumapili hiyo, gari jeupe halikulala tena uani.

Mara ya kwanza alipiga simu: "Mpenzi, leo tumepitiliza, wageni wana haraka." Mara ya pili: "Leo nimelala mbele kidogo, nitakueleza." Mara ya tatu Joyness alilisikia honi yake barabarani, akatoka mbio na khanga mabegani, akaona mgongo wa gari tu ukiishilia kwenye kona. Madereva wenzake wakaona Aristides hasimami, nao wakaacha kusimama. Uani zikabaki alama za magurudumu na kuku.

"Umemwambia neno gani baya?" mama yake aliuliza.

"Sijamwambia chochote."

"Basi labda ndilo kosa."

Nahimana, mwanamke wa Kirundi aliyeuza ndizi mkabala na mgahawa, ndiye aliyeleta habari. "Shoga, sitaki kukuumiza. Nyumba yako ya magurudumu nimeiona uani kwa Uwimana, kule mbele. Si mara moja."

Joyness akapanda bodaboda bila hata kuvua aproni. Uwimana alikuwa na gesti ndogo pembeni ya barabara, mwanamke mwenye shingo ndefu na gauni linalombana panapotakiwa kubana. Kupitia langoni Joyness akaona gari jeupe, akamwona Aristides ameshika mpira wa maji, na Uwimana akimpa kikombe cha chai, wote wawili wanacheka.

"Nikusubiri, dada?" aliuliza wa bodaboda.

"Geuza."

Jioni hiyo aliizuia namba ya Aristides. Alipiga magoti kando ya kitanda, maneno hayakuja, akalia tu, na akamwachia Mungu ayasome hayo machozi kama yalivyo. Kesho yake Celestini, mfanyabiashara wa mbao, akaja tena kuuliza kama ua utapangishwa awekee magogo yake. Safari zote Joyness alikuwa akimkatalia. Safari hii alisema, "Njoo Jumatatu tumalize."

Mama Anjelika alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Ua ni wako kama ulivyo wangu, Joyness. Ila magogo hayaamki asubuhi yakasema asante."

Jumatatu ilipambazuka na mvua. Ilikuwa imenyesha tangu wikiendi, mitaro imejaa, lami inateleza. Joyness alikuwa anawasha mkaa akimsubiri Celestini, akasikia honi aliyoijua. Gari jeupe lilisimama nje ya lango, likatulia hapo. Mlango wa ubavuni ukafunguka, akashuka bibi wa Kifaransa, amejikunja, mikono tumboni, uso umempauka.

Hasira ni kitu kimoja, na mgeni mgonjwa ni kitu kingine. Joyness alimkimbilia na mwavuli, akamshika mkono kama mama yake mzazi, akampeleka chooni, akamsubiri nje na kopo la maji na sabuni. Yule bibi alipotoka alimkumbatia, akasema maneno mengi ya kwao. Joyness alielewa yote. Akamketisha jikoni karibu na moto, mama yake akampa chai ya tangawizi.

Kisha akarudi langoni. Aristides alikuwa amesimama mvuani, nje ya mstari wa lango kabisa, shati limemganda mwilini, na kisanduku kiko miguuni pake.

"Asante," alisema. "Choo cha Uwimana kimetitia usiku kwa mvua, na kisanduku kimejaa. Sikuwa na pa kwenda."

"Kumbe umekuja kwa kukosa pengine. Ingia basi ukamwage, uende zako."

"Siwezi kuingia na hiki."

"Aristides, usinichezee. Umekimwaga humu mara ngapi? Leo kwetu kumekuwaje?"

"Wakati ule hakuwa mama mkwe wangu."

Mvua ikapiga kwenye mwavuli. Joyness akamtazama.

"Unasema nini?"

"Joy, mimi nimelelewa na babu. Alinifundisha kwamba mkwe haingii choo cha mama mkwe, hata abanwe vipi. Mkwe anakwenda porini. Na mimi siku ile Biharamulo, nilipokutamkia, nilikwisha kumfanya mama yako mkwe moyoni mwangu. Sasa nije na kisanduku cha uchafu wa watu wasiojulikana, nipite mbele yake nikakimwage chooni kwake? Nitamtazamaje siku ya mahari?"

"Kwa hiyo ukaenda kumwagia kwa Uwimana."

"Uwimana si mkwe wangu."

"Na chai? Na kicheko?"

"Alikuwa ananicheka mimi! Anasema hajaona mwanamume mjinga kama mimi, anayemkimbia mchumba kwa sababu ya choo. Ananiambia kila siku, nenda kamwambie. Ungepokea simu ungemsikia. Ana mume, Joy, dereva wa lori wa Kigali, mkubwa kama mlango."

"Na wewe ukashindwa kuniambia?"

"Ningesemaje? 'Mpenzi, nakupenda, ndiyo maana siji'?" Akajifuta maji usoni. "Na ulikuwa hujajibu. Niliogopa kukiita kitu ambacho hujanipa."

Joyness alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira ilikuwa imekwisha, kama mkaa uliomwagiwa maji. Siku zote zile alikuwa akidhani amedharauliwa, kumbe alikuwa anaheshimiwa kupita kiasi. Akarudi jikoni kwa haraka, akamweleza mama yake yote, neno kwa neno.

Mama Anjelika alicheka mpaka yule bibi wa Kifaransa akaanza kucheka naye bila kujua sababu. Halafu ghafla akajifunika khanga kichwani, akajibanza nyuma ya mlango.

"Mama, unajificha nini?"

"Mkwe wangu amesimama langoni na kisanduku cha choo, mimi nikae namtazama? Sina adabu?"

"Nani kakuambia ni mkwe?"

"Yeye kasema. Wewe ndiye hujasema." Kisha akapaza sauti kutokea nyuma ya mlango, lakini hakumwelekezea Aristides. "Joyness! Mwambie mkwe kule pembeni, karibu na barabara, nje ya minyaa, kuna kipande chetu kinaota magugu tu. Mwambie jembe liko stoo. Achimbe shimo la wageni, liwe na njia yake na bomba lake. Choo changu aniachie mwenyewe!"

Aristides alisikia kila neno kabla ya kuambiwa. Alivua shati jeupe akalitundika kwenye minyaa, akavua na viatu. Mvua ilikuwa imepungua. Celestini alipofika kwa ajili ya magogo, alimkuta Mhaya tumbo wazi yuko ndani ya shimo mpaka magotini, ametapakaa udongo mwekundu, na Joyness ukingoni anavuta ndoo.

"Vipi, ule ua?" Celestini aliuliza.

"Nisamehe, ndugu yangu. Una wageni wake."

Mume wa yule bibi alishuka garini, akashika sepetu. Nahimana aliacha ndizi zake akaja kutoa maoni. Hata Uwimana aliteremka kwenye bodaboda, akasimama ukingoni na gauni lake la kubana, akamwambia Joyness, "Chukua mtu wako, dada. Mimi nimechoka kuulizwa kitenge gani kitakupendeza."

Shimo lilipofika kina cha mtu, Mama Anjelika akatoka. Alisimama mbali kidogo, amegeuka upande ili asimtazame mkwe aliye tumbo wazi, akainua mikono.

"Tuombe. Bwana, tunakushukuru kwa mvua. Tunakushukuru kwa barabara na kwa wote wanaopita wakiwa wamechoka, wasiojua watalala wapi, ukawaleta hapa. Tunakushukuru kwa shimo hili, maana wewe hudharau haja yoyote ya mwanadamu. Uwaponye matumbo wageni wetu. Na hawa wawili, Bwana, mmoja amekwisha kusema..."

Akafungua jicho moja, akalielekeza kwa binti yake. Nahimana akafungua yake yote mawili. Ndani ya shimo Aristides aliinua uso wenye udongo.

"Amina," Joyness alisema.

"Sijamaliza, wewe."

"Mimi nimejibu, mama. Amina."