Joto la Kiti cha Pembeni

Asubuhi baada ya Karamu Takatifu ya Krismasi, trekta la Orest Hrynkiw lilikataa kuwaka. Alizungusha ufunguo, likakohoa mara moja, kisha kimya. Ng'ombe walikuwa wamejipanga kwenye uzio wakingoja marobota yao ya nyasi, theluji imewafika magotini, na baridi ya jimbo la Saskatchewan haina mzaha na mnyama mwenye njaa. Orest akasogeza gari, akaunganisha nyaya kwenye betri yake, trekta likawaka. Kesho yake betri imekufa tena. Akanunua mpya. Nayo ikafa.

Verna, mkewe wa pili, hakusikitika sana. Alilichukia trekta lile. Stefka, mke wa kwanza, ndiye aliyeng'ang'ania lifungiwe kiti kidogo cha pembeni chenye waya wa joto, ili akae na mumewe msimu wote wa mavuno, na alikaa humo mpaka saratani ilipomtoa. Verna alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile, na kila kikombe alichoshika kilikuwa na mwenyewe. Wivu ulimla kama mchwa walavyo mlango, nje rangi bado nzuri.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Orest alizoea sasa kukaa ndani ya trekta bovu, peke yake, hadi chai ikapoa mezani.

"Unafanya nini humo?" alimuuliza.

"Natafuta umeme unakovujia."

"Kwa kukaa?"

Orest akaenda kunawa.

Basi Verna akasema watautafuta wote wawili. Jua la Januari lilikuwa linazama walipoingia bandani. Orest alichomoa waya mmoja wa betri, akaweka taa ndogo ya kujaribia kati ya waya na betri. Kila kitu kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo taa haikutakiwa kuwaka. Ikawaka. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme. Verna akapanda kwenye kibanda cha dereva, akawa anachomoa fyuzi moja moja, ya redio, ya feni, ya taa za mbele, na Orest kule chini anasema bado, bado. Alipochomoa ya kiti cha pembeni, Orest akasema imezimika.

"Tumempata," alisema Verna, akaitia fyuzi mfukoni. Hakusema wamempata nani.

Akaweka kiganja juu ya kiti kile, na kilikuwa na joto, si joto la waya bali la mwili, joto la mahali mtu alipoinuka sasa hivi, na ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea katikati na inajiinua taratibu, na ndani ya kile kibanda chenye barafu kwenye vioo palinuka asali na mbegu za mpopi zilizosagwa, harufu ya ile ngano tamu inayopikwa kwa Karamu, na kabla hajauvuta mkono alisikia sauti ya mumewe, ndogo, ikitoka chini.

"Verna. Umeirudisha?"

"Ninayo mfukoni."

"Basi mbona taa inawaka?"

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa Bibi Paraska, ambaye huwamwagia nta watu walioingiwa na hofu. Alimkalisha Verna, akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa chake, akamimina nta ya moto. Ilipoganda aliigeuza, akaitazama kwa muda. Ilikuwa na umbo la mwanamke aliyeketi. Akauliza nani aliandaa meza ya Karamu, na sahani ambayo usiku ule huwekewa marehemu wa nyumba iliwekwa wapi.

Verna akasema kweli. Aliirudisha kabatini. "Niliona wafu wameshakula vya kutosha kwenye nyumba ile."

"Mwanangu, umemfungia mtu nje kwenye baridi hii," alisema bibi. "Amekwenda palipo na joto analolijua. Leo weka sahani, mwite kwa kinywa chako. Kukipambazuka, mshukuru na umuage. Hilo la mwisho usilisahau, maana mgeni asiyeagwa haondoki."

Jioni ile Verna aliweka sahani na ngano yake ya asali. Akasema, "Stefka, karibu ule," huku ameyabana meno. Orest aliinua uso, akakitazama kiti kitupu, akatabasamu. Verna hakuwahi kupewa tabasamu lile, hata siku ya harusi.

Kulipopambazuka trekta liliwaka mara moja. Orest akalipeleka kwa ng'ombe huku anapiga mluzi. Verna alisimama mbele ya sahani na maneno ya kuaga mdomoni. Nimshukuru kwa lipi? Akalikumbuka tabasamu. Akabeba sahani, akawamwagia mbwa ile ngano, akafumba mdomo wake. Mbwa hawakuigusa.

Betri haikufa tena, na kiti cha pembeni kilibaki baridi kama chuma. Verna aliamini ameshinda. Msimu wa ng'ombe kuzaa ulipofika, aliamka alfajiri moja kumwangalia mtamba mwenye uchungu, akakaa naye zizini mpaka ndama aliposimama, kisha akarudi chumbani, vidole vimekufa ganzi, akainua blanketi na kuingia upande wake.

Upande wake ulikuwa na joto. Mto ulinuka asali.

Orest, macho yamefumbwa, alitabasamu lile tabasamu.

"Mbona miguu yako imepoa ghafla?" alinung'unika. "Sasa hivi ilikuwa ya moto."